Uso wa Mama Mkwe

Mume wangu Kalala alikuwa na macho ya kazi. Ungempitishia behewa zima la abiria, naye angekuambia nani amechanjwa, nani ameazima kadi ya shemeji yake, na nani ana homa anayoificha kwa kucheka sana. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwona uso, na mtu huyo ni mama yangu mzazi.

Msidhani waligombana. Kwetu sisi Waluba wa Kasai, mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hali naye, hakalii kiti alichotoka kukikalia. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Mama alipokuja kwetu Kolwezi mara ya kwanza, alijifunika kitambaa mpaka puani na kukaa akiupa mlango mgongo. Kalala naye akawa anaingia nyumbani mwake mwenyewe kwa mlango wa jikoni kama mwizi wa kuku. Maneno yao yote yalipita kwangu.

"Mbelu, ambia tata wa hii nyumba, chumvi iko wapi?" mama angesema, na tata, yaani baba mwenye nyumba, yuko nyuma ya ukuta, anasikia kila kitu.

"Tata wa nyumba, chumvi iko wapi?"

"Ambia mama, iko mu kopo."

"Mama, iko mu kopo."

Siku nzima vile. Nilikuwa mlango kati ya vyumba viwili, na niwaambie ukweli, mlango nao huchoka kufunguliwa na kufungwa.

Safari ya pili mama alikuja kwa msiba. Nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa pili, wa kwanza nikiwa nimeshamzika kabla yake. Sitaki kueleza sana. Nitasema tu kwamba mama alilala chini kwenye mkeka kando yangu mpaka nilipoweza kula tena, ndipo akarudi kwake Mwene-Ditu.

Kwa hiyo nilipopata mimba ya tatu na ikafika mahali pa kuonekana na kila mtu, nilimtaka mama. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuitwa Zaïre, na Katanga yetu imekuwa Shaba. Mimi niliyebatizwa Adolphine niliambiwa nirudi kwenye jina la mababu, nikabaki Mbelu barabarani na sokoni, ila ndani ya nyumba Kalala aliendelea kuniita Adolphine kwa sauti ya chini. Nilicheka ovyo siku hizo, na majirani walidhani ni furaha ya mimba. Nilikuwa ninaogopa. Nilikuwa ninaamka asubuhi na kuweka mkono tumboni nikisubiri mtoto apige teke, na asipopiga upesi nilianza kulia kabla ya kuwasha moto.

Na Kalala hakuwa nyumbani. Serikali ilikuwa imempeleka Tenke, awe mwuguzi kwenye barieri.

Ndivyo watu walivyokiita kile kizuizi cha afya cha pale stesheni. Serikali ilikuwa imeapa kwamba ndui haitarudi tena, na Tenke ndipo njia ya reli ya kwenda kwetu Kolwezi inapoachana na ile ya Lubumbashi. Kila treni kutoka Kasai ilipofika, abiria wote walishushwa na kupangwa mstari mbele ya meza. Uwe na kadi ya chanjo. Kama huna kadi, uwe na kovu la chanjo begani. Kama huna kovu hilo, basi uwe na makovu ya ndui yenyewe, maana ndui haimli mtu mara mbili. Asiye na hata kimoja alichanjwa pale pale kwa sindano ndogo yenye meno mawili, kisha akawekwa kwenye hangari, banda kubwa nyuma ya stesheni, wiki nzima, mpaka kidonda cha chanjo kitokee. Alipewa chakula na mkeka. Alichonyimwa ni treni.

Kalala alikuwa mkali kwa jambo hilo. Kabla ya Tenke alikaa Dilolo, mpakani na Angola, na huko alijifunza kwamba mtu anayetaka kuvuka ataapa hata kwa kaburi la babu ambaye bado anavuta kiko chake nyumbani. Halafu kulikuwa na yule mfanyabiashara aliyepitishwa Tenke kwa sababu ndugu yake aliapa kwamba amechanjwa. Akatokwa na vipele kambini huko njia ya Dilolo, kambi nzima ikafungwa, watu wakachanjwa upya huku wakilaani. Mwishowe ikaonekana ni tetekuwanga tu. Lakini toka siku hiyo amri ilikuwa moja pale mezani: jicho la mwuguzi, si mdomo wa jamaa. Mwuguzi aone mwenyewe.

Nilimtuma jirani yetu Kabeya, aliyekuwa akifanya kazi ya breki kwenye treni za Kasai, apite kwa mama. Nilimwambia polepole, na nikamfanya arudie: "Ambia mama achanjwe kwanza, njo akuje." Kabeya alifikisha neno kama lilivyo, wala simlaumu. Tatizo lilikuwa neno lenyewe.

Yaliyotokea Tenke niliyapata kwa watu watatu: kwa mama, kwa Kalala, na kwa Mama Mwamini, mwanamke Mwislamu wa asili ya Kasongo aliyekuwa akiuza vitambaa soko la Kolwezi. Mwamini alikuwa anatoka Kamina na bidhaa zake, akakaa benchi moja na mama, na mpaka wanafika Tenke walikuwa wameshakula karanga za mfuko mmoja. Hawa watatu hawakubaliani katika kila kitu. Nitasema yale wanayokubaliana, na pale wanapogombana nitachagua mimi.

Mstari ulikwenda vizuri. Mama alikuwa nyuma ya Mwamini, uso wazi, maana alikuwa kati ya watu asiowajua na jua lilikuwa kali. Akauliza kwa ile sauti yake ya kuita mbuzi, "Mama Mwamini, ule mwenye kuikala pa meza ni nani?"

"Banasema ni sitwayeni Kalala," Mwamini akajibu, maana siku hizo kila bwana aliitwa sitwayeni, raia. "Iko wa Kolwezi."

Mama akaangusha kifurushi chake. Akavuta kitambaa mpaka machoni, akageuka akatazama mabehewa. Na pale mezani Kalala, aliyeijua sauti ile kwa kuisikia nyuma ya ukuta, akainuka, akageuza kiti chake, akaketi tena akitazama ukuta wa stesheni. Abiria wakabaki wanatazama kisogo cha serikali.

"Anagonjwa?" mtu mmoja akauliza.

"Ni mukwe wangu," mama akanong'ona ndani ya kitambaa, na Mwamini, ambaye kwao desturi hiyo haiko vile, ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alicheka, kisha akaona mama hacheki. Akashika kazi yangu. Akawa mlango.

"Mama," Kalala akauambia ukuta, "ambia ule mama aonyeshe kadi."

"Hana kadi."

"Basi aonyeshe mukono."

Mama akanyoosha mkono mbali na mwili wake, kama anampa mtu nyoka aliyekufa. Kalala akautazama kwa pembe ya jicho, begani mpaka kwenye kifundo. Kovu la chanjo hakuna. Lakini juu ya kifundo kulikuwa na chale ndogo ndogo, mpya kabisa, zimepakwa unga mweusi.

"Hii njo nini?"

Mwamini akainama, akasikiliza kitambaani, akainuka. "Anasema, njo chanjo. Mutoto yake aliagiza achanjwe. Akachanjwa."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mama alikuwa amekwenda kwa mzee mmoja wa Mwene-Ditu, fundi wa dawa za chale, akamchanja ya kuzuia ajali ya treni, na ya pili, kwa bei ile ile, ya kuzuia macho mabaya ya wachuuzi. Msimcheke sana. Mama alikuwa na sababu yake, na ilikuwa sababu nzuri. Alifikiri: kuchanjwa ndui, mimi? Nani asiyejua kwamba mimi na ndui tulishamalizana? Basi mwanangu ana maana ya ile chanjo nyingine.

Maana mama yangu aliugua ndui akiwa msichana mdogo. Ilimwacha hai, ikauacha uso wake umechimbika mashimo toka kwenye paji mpaka kidevuni, na jicho la kushoto limevutwa chini kidogo. Mtu yeyote aliyemwona alijua. Mwuguzi yeyote wa barieri yoyote angemtazama mara moja na kusema, pita mama. Mwuguzi yeyote isipokuwa mmoja.

Na mimi sikuwahi kumwambia Kalala. Watu wameniuliza mara nyingi nilisahauje jambo kubwa vile. Sikusahau. Halikuwa jambo. Ule ulikuwa uso wa mama. Nani anamweleza mumewe kwamba mama yake ana uso?

Kalala hakucheka pamoja na mstari. Alikaa na ukuta wake akifikiri, na najua alichofikiri kwa sababu aliniambia. Alijua mama anakwenda wapi na kwa nini. Mwenzake wa kazi, Mukalay, ambaye angeweza kumtazama au kumchanja mama bila neno, alikuwa ameenda Fungurume kuchanja watu wa kambini, arudi kesho. Treni ya Kolwezi ilikuwa imeshasimama upande wa pili, na nyingine haikuwa ya karibu. Akimweka mama hangarini, mtoto atazaliwa bila yeye. Na kadi tupu zilikuwa pale pale nyuma yake mezani, na muhuri juu yake.

Mtu mwingine angeandika kadi. Mimi ningekuwepo ningempigia magoti aandike, tena ningemtukana akikataa. Hakuandika. "Sheria ni msumeno," ndivyo alivyokuwa akiniambia kila nilipomlalamikia, na nilikuwa nikiuchukia msumeno huo.

"Mama," akasema, "mwambie bitu ni bibaya. Hana kadi, hana kovu. Atangojea mu hangari."

Hapo Mwamini akashindwa kuwa mlango. Mlango ukapandwa na hasira.

"Tata, unatafuta nini mu mukono? Angaria uso yake! Huyu mama ndui ilimumaliza zamani, uso yote ni matundu!"

Alisema vile vile, mbele ya mstari wote. Mama anasema aliona haya mpaka miguu. Kalala alikuwa bado ameupa mstari mgongo. Miaka yote ile ya ndoa, hakujua.

"Ni kweli?" akauuliza ukuta.

"Mi nimeona na macho yangu, toka Kamina."

"Macho yako, mama. Sheria inataka yangu."

"Basi yako iko wapi? Iko mu ukuta?"

"Siwezi kumwangaria. Ni mukwe wangu. Ni haya."

"Basi umwache apite."

"Bila kuona, siwezi."

Mwamini akawageukia watu waliopanga mstari, mikono hewani, kama anawaomba wamsaidie kubeba mzigo. Wengi wao walikuwa Wakasai, nao walijua kwamba wote wawili wana haki, na hilo ndilo baya.

Mama akasema, "Banirudishe." Akaketi juu ya kifurushi chake. Heri arudi Mwene-Ditu na jina lake kuliko kufika Kolwezi akiwa mwanamke aliyejifunua kwa mkwe wake. Alilelewa hivyo, na mama yake alilelewa hivyo. Mwamini akaketi chini kando yake, maana hata yeye alikuwa amegoma kupanda treni, ingawa vitambaa vyake vilikuwa vimeshapakiwa.

Treni ya Kolwezi ikapiga filimbi.

Ndani ya kile kifurushi kulikuwa na kitambaa cha kubebea mtoto, cha bluu, kile mama alichonibebea mimi. Alikuja nacho mara ya kwanza, nilipozaa, nikakitumia miezi michache. Mara ya pili tulimfungia ndani yake mtoto kwa mara ya mwisho, kisha mama akakifua, akakikunja, akaondoka nacho kwa sababu mimi sikuweza kukitazama. Aliniambia kwamba alipokikalia pale Tenke alikihisi chini yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akainuka.

Akapita kando ya meza. Akaenda akasimama kati ya kiti cha Kalala na ukuta, mahali ambapo hakuna nafasi ya kutazama kwingine. Kalala, alipoona miguu yake, akafumba macho kwa nguvu kama mtoto anayetiwa dawa.

Na mama yangu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya toka siku ya posa. Akasema naye mwenyewe, bila mtu katikati.

"Kalala. Mutoto yangu anazaa. Fungula macho."

Akaondoa kitambaa.

Mwamini anasema Kalala alimtazama kwa muda mrefu mpaka akaogopa kwamba treni itaondoka. Mama anasema ilikuwa kufumba na kufumbua. Kalala mwenyewe hakuwahi kuniambia. Wote watatu wanakubaliana kwamba alisema, "Pita, mama," na kwamba sauti yake haikuwa ile ya kazini. Akageuka mezani, akaandika kadi, akaigonga muhuri. Muhuri ukakaa upande. Kadi hiyo ninayo mpaka leo, nayo haina siri yoyote, ni muhuri tu uliokaa upande.

Mama alifika jioni hiyo, Mwamini akimshika mkono mpaka mlangoni kwangu. Sikumwuliza habari za safari. Niliweka kichwa kifuani pake, nikalia kwa raha, mara ya kwanza kwa miezi. Uchungu ulinianza siku mbili baadaye, na mama alikuwa pale, na mtoto akatoka akipiga kelele kama mtu aliyedhulumiwa. Msichana. Mama alimfunga kwenye kitambaa cha bluu kabla sijapata nafasi ya kukiogopa. Yuko hai, ana watoto wake, na ana mdomo kuliko mimi.

Jumamosi Kalala akaja. Niliwasikia majirani wakicheka kabla sijamwona. Alikuwa anavuta mbuzi kwa kamba, mbuzi aliyesafiri naye kwenye behewa la mizigo toka Tenke, na sare ya serikali ilikuwa imetafunwa pindo. Ni mbuzi wa kuosha macho. Mwanamume aliyemwona mama mkwe wake hulipa mbuzi, na haya huisha, kila mtu hurudi mahali pake.

Akamfunga nje, akaingia kwa mlango wa jikoni. Mama alikuwa chumbani, nyuma ya ukuta, amejifunika kama kawaida. Nilimpa Kalala mtoto. Alimshika kwa namna anavyoshika vitu vyote, kwa uangalifu wa mtu wa sindano, akamkagua mkono, akamkagua mguu. Halafu akaanza kunitazama mimi. Alinitazama hivi kwamba nikajipangusa mdomo, nikidhani nina uji.

"Adolphine," akasema kwa sauti ya chini. "Juu ya nini haukuniambia?"

Nilijua swali hilo lingekuja. "Habari ya ndui? Sikuwaza hata. Kwangu ni uso wa mama tu."

"Si ndui," akasema. "Juu ya nini haukuniambia munafanana?"

Toka utoto wangu watu walisema nimefuata upande wa baba. Walisema hivyo kunisifu, shangazi zangu hasa: bahati yako, Mbelu, umefuata kwetu. Mama alikuwa akisikia, naye alikubali. Alikuwa akisema mwenyewe, "Hakuchukua kitu kwangu, Mungu asifiwe." Hakuna mtu aliyewahi kupita yale mashimo na kuona kilichokuwa chini yake. Aliyeona ni mwanamume aliyekatazwa kutazama, mara moja, kwa amri ya serikali.

"Macho," Kalala akaendelea kusema, kama anasoma. "Na hapa pa taya. Na vile unakasirika. Mi nilifungula macho, nikaona ni weye, mwenye kuzeeka. Nilisahau kuangaria makovu."

Nilijua mama amesikia, maana siku zote alisikia. Nilingoja aseme, "Mbelu, ambia tata wa nyumba," nami nifungue na kufunga kama kawaida. Hakusema hivyo. Alikohoa kidogo.

"Mbelu," akaniita. "Kioo iko wapi?"

Mama hakuwahi kuwa na kioo. Nilichukua kile cha Kalala cha kunyolea, kilichopasuka pembeni, nikaingia nacho chumbani na kufunga mlango nyuma yangu. Alikuwa ameshaondoa kitambaa. Nikaketi kando yake kitandani, shavu kwa shavu ili tuenee, na tukajitazama. Nje mbuzi alikuwa analia, na Kalala alikuwa anamwimbia mtoto jikoni.